Wingu halimjui mheshimiwa

Jamani, nimepotea kidogo. Kwa wale waliokuwa wananiuliza nimezamia wapi, nilikuwa nyumbani Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wengi mnaijua Kipalapala kwa mambo mawili: seminari kuu ya Mtakatifu Paulo, iliyoanza mwaka 1925, na vile vitabu vya TMP mlivyovikuta kwenye kabati la baba. Mimi naijua kwa jambo la tatu. Bibi yangu mzaa mama amezikwa kule chini ya mwembe, na siku anazikwa sikuwepo. Saa chache kabla nilikuwa angani, namfokea rubani.

Leo nataka kumwomba radhi yule rubani. Nikishamaliza, nataka tusemane ukweli, mimi nikiwa wa kwanza kwenye mstari, kwa sababu naona tuna tabia ambayo inaua watu na tunaiita haki ya abiria.

Ilikuwa Desemba 2024. Bibi alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, maziko yakapangwa Alhamisi saa nane mchana. Bahati nzuri (ndivyo nilivyofikiri) kazini walikuwa wamenipangia kufuata msafara wa mheshimiwa mmoja aliyekuwa anakwenda Tabora kwa ndege ndogo ya kukodi. Abiria tulikuwa 11. Waandishi tulipewa viti viwili vya nyuma kabisa, karibu na mabegi. Rubani alikuwa dada wa rika letu, mpole, mwenye sauti ndogo. Alitusalimia, akatueleza habari za mikanda, tukaondoka Dodoma asubuhi.

Hadi Manyoni mambo yalikuwa shwari. Tulipopita Itigi mawingu yakaanza kushuka. Chini tuliiona reli ya kati, na dada alikuwa anaifuata kama mtu anayefuata barabara. Kisha reli ikaanza kuonekana na kupotea, kuonekana na kupotea. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara ya pili. Halafu akasema, bila mbwembwe: "Ndugu abiria, mbele kumefunga. Tunarudi Dodoma."

Mheshimiwa aliinuka nusu kwenye kiti. "We binti, unajua mimi ni nani?"

"Nakufahamu, mheshimiwa," dada akajibu bila kugeuka. "Wingu ndilo halikufahamu."

Ndani ya ndege kukawaka moto. Huyu anasema atampigia simu mwenye kampuni, yule anasema hawa wasichana wa siku hizi waoga, mwingine anadai jana yake rubani mwanaume alipita hapo hapo na hali ilikuwa hiyo hiyo. Na mimi, msomi wenu, mwenye shahada ya chuo kikuu, nikapaza sauti kutoka nyuma: "Dada, mimi nina msiba!"

"Pole sana, kaka yangu," akasema. "Tunarudi."

Nikapanda basi Dodoma mchana. Nikafika Kipalapala usiku wa manane. Udongo wa kaburi ulikuwa umeshalowa mvua.

Siku mbili baadaye nikaandika habari. Kichwa chake kilisema ndege imegeuza na mheshimiwa amekwama, na ndani nikaweka maneno ambayo hadi leo yananiunguza: "bila sababu za msingi". Sikumuuliza rubani swali hata moja. Sikuuliza hali ya hewa ilisemaje. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ikachapwa gazetini kama taarifa. Wiki chache baadaye nikasikia dada ameondolewa kwenye safari za wakubwa, amewekwa mwingine. Aliyeniambia alimsifu huyo mwingine kwa neno moja: "Huyo ni rubani anayefika."

Neno hilo ndilo lililonifanya nikae chini nisome.

Sasa tuingie darasani kidogo. Msinikimbie, hesabu ni chache.

Kuna namna mbili za kurusha ndege. Ya kwanza ni kuruka kwa vyombo. Rubani amefunzwa hivyo, ndege ina ala zake, uwanja una utaratibu wake uliopimwa wa kushuka, na hata asipoona kitu nje anajua yuko wapi na yuko juu kiasi gani. Ya pili ni kuruka kwa macho. Hapa rubani anaendesha kama wewe unavyoendesha gari: anaona anakokwenda, anaona mlima, anaona ndege nyingine, anakwepa. Safari yetu ilikuwa ya namna hii ya pili, na huwezi kubadilisha namna katikati ya safari kwa sababu tu abiria amekasirika. Sheria ya kuruka kwa macho ina maneno mengi ila moyo wake ni mmoja: kama huoni, huendi.

Kuona kiasi gani? Hilo halikuachwa kwa hisia za mtu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeandika namba zake kwenye Kiambatisho cha Pili cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, hutunga kanuni zao kutoka hapo. Ukiwa futi 10,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari, uwe unaona kilomita 8. Chini ya hapo, kilomita 5. Na kote huko usilisogelee wingu: kaa mbali nalo mita 1,500 kwa ubavu, na futi 1,000, yaani mita 300, kwa juu au kwa chini. Ukishuka karibu na ardhi, kwenye anga isiyo na waongozaji, kanuni inalegea kidogo: usiingie wingu, uione ardhi, na zile kilomita 5 ziwepo. Nchi inaweza kuruhusu pungufu ya hapo kwa ndege zinazokwenda polepole na kwa helikopta. Mfupa wa kanuni ndio huo.

"Karibu na ardhi" ni wapi? Kanuni inasema: futi 3,000 kutoka usawa wa bahari au futi 1,000 kutoka ardhini, lolote lililo juu zaidi. Hapo ndipo mtu wa Tabora anapaswa kusimama na kusoma mara mbili. Dar es Salaam iko pwani, kwa hiyo rubani wa Dar ana chumba cha karibu futi 3,000 ambamo kanuni imelegea. Uwanja wa ndege wa Tabora uko karibu futi 3,900 juu ya bahari. Zile futi 3,000 za kwanza kwetu ziko chini ya udongo! Kinachobaki ni futi 1,000 tu kutoka ardhini. Ukivuka hapo unadaiwa umbali kamili kutoka kwenye wingu. Kwa lugha nyepesi, ili rubani apite Unyamwezi juu ya futi 1,000 kihalali, wingu lazima liwe zaidi ya futi 2,000 juu ya vichwa vyenu. Likishuka chini ya hapo anabaki amebanwa kati ya wingu na ardhi, katika ukanda ambao siku hizi umejaa minara ya simu.

Na usidhani ni mawingu tu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, mapori ya miombo yanapochomwa, anga la Tabora huwa kama maziwa yaliyomwagwa. Hakuna wingu hata moja, jua linawaka, lakini kilomita 5 hazipo. Abiria anatazama juu anaona kweupe, anauliza: "Hali ya hewa mbaya iko wapi?" Iko mbele yako, ndugu, kwa ubavu. Rubani haruki kwenda juu mbinguni, anaruka kwenda Urambo.

Kwa nini kilomita 5 na si 2? Chukua ndege mbili ndogo za kawaida, kila moja ikienda kama kilomita 300 kwa saa, zinakuja uso kwa uso. Kilomita 5 zinaisha kwa sekunde 30. Wataalamu wa anga wa Marekani wanakadiria kwamba rubani anahitaji kama sekunde 12 na nusu tangu kuona kitu, kukitambua, kuamua, kugeuza usukani, hadi ndege yenyewe iitikie. Kwa kilomita 2, una sekunde 12 tu. Umeshachelewa kabla hujaona. Vivyo hivyo zile mita 1,500 kutoka kwenye wingu: ndege ikichomoka humo kukujia kutoka ubavuni una kama sekunde 18. Wingu unaloligusa na bawa halikupi hata moja.

Najua kuna mjanja atasema: "Anga la Bongo liko wazi, ndege zenyewe ngapi? Hizo namba ni za Wazungu wenye msongamano." Hoja hii nimeisikia hata kwa watu wanaoheshimika. Inasahau kwamba umbali huo una kazi ya pili, na kazi hiyo haihitaji ndege nyingine angani. Inahitaji sikio lako tu.

Ndani ya sikio kuna maji yanayokuambia uko wima au umeinama. Ukiwa unaona upeo, macho yanasahihisha makosa ya sikio. Ukiingia wingu, upeo unakufa, na sikio linabaki peke yake, na sikio ni mwongo. Ndege inaanza kuinama taratibu upande mmoja, wewe unahisi umenyooka. Ukiisahihisha unahisi unaanguka, kwa hiyo unairudisha kwenye kosa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua wanafunzi 20 ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vyombo, wakawaziba wasione nje. Wote 20 walipoteza uwezo wa kuimudu ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Dakika tatu kasoro sekunde mbili! Muda wa kumaliza kikombe cha kahawa Kariakoo.

Anga likiwa tupu, sikio linadanganya vilevile. Na milima haina habari kama anga lina msongamano au halina.

Hebu tukumbushane. Septemba 1, 1999, ndege aina ya Cessna 404 ikitoka Serengeti kwenda Kilimanjaro iligonga Mlima Meru, mlima wa zaidi ya mita 4,500, ikaua wote 12, wengi wao watalii wa Kimarekani. Julai 30, 2005, John Garang, ambaye alikuwa na wiki tatu tu tangu aapishwe kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, aliondoka Entebbe kwa helikopta ya Rais wa Uganda. Giza na hali mbaya ya hewa vikawakuta milimani. Hakupona hata mmoja. Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya ilikuwa na wabunge wanaokwenda kupatanisha watu Marsabit. Ukungu, mlima, watu 14 wakafa kati ya 17. Juni 5, 2018, ndege ndogo kutoka Kitale kwenda Nairobi ilipotelea Aberdare ikiwa na watu 10. Waokoaji nao walisumbuliwa na ukungu, ikachukua siku mbili kuifikia. Wote 10 walikuwa wamekufa.

Sisemi kwamba katika kila ajali rubani alivunja kanuni. Ajali ina mambo mengi na ripoti zake hazisomwi kwa mstari mmoja. Ninachosema ni kwamba katika orodha hiyo kuna makamu wa rais, wabunge, watalii wenye dola na wananchi wa kawaida, na mlima haukuuliza nani ni nani.

Kisha Bukoba. Novemba 6, 2022, Jumapili, karibu saa tatu asubuhi. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ikiwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa, ikiwa karibu kabisa na uwanja. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. ATR si ndege ya kuruka kwa macho, ina vyombo vyake. Lakini Bukoba ulikuwa uwanja wa kutua kwa macho. Unaweza kuja na ala za kila aina, mwisho wa safari uwanja unakudai kitu kimoja: je, unaona?

Mnakumbuka tulijadili nini wiki ile? Tulijadili mlango. Tulijadili kasia, kamba, boti za uokoaji na yule kijana mvuvi. Yote yalistahili kujadiliwa, na kijana yule alistahili kila sifa aliyopata. Lakini mimi niliyekuwa nakata na kubandika habari hizo sikumbuki kuona ukurasa mmoja uliomweleza Mtanzania kwamba kuna uwanja usiokuruhusu kutua mpaka uone, na kwamba siku usipoona heshima yote ya rubani iko kwenye kugeuza. Tulimaliza majonzi, tukarudi kwenye simba na yanga. Miaka miwili baadaye, Desemba 2024, watu wazima 11, ambao wote tulililia Bukoba, tulikaa ndani ya ndege tukimzomea dada aliyegeuza.

Hapo ndipo ninapopaita ugonjwa. Tunamlilia rubani aliyekufa na kumfukuza rubani aliyetuleta hai.

Sasa jiulize: zile kilomita 5 zinapimwa na nani? Uwanjani anaweza kuwepo mtu wa hali ya hewa. Lakini njiani, kule juu ya Nyahua na Igalula, hakuna aliyesimama na futi kamba. Anayepima ni rubani mwenyewe, kwa macho yake, kwa kulinganisha kilima na reli na paa la bati. Kwa hiyo kanuni yote, kuanzia Chicago mwaka 1944 mpaka kwenye vitabu vyetu, mwisho wake inakalia kiti kimoja. Kama aliyekaa kwenye kiti hicho anaogopa simu ya bosi kuliko anavyoogopa wingu, basi kilomita 2 zitaitwa 5 na hakuna atakayejua. Mpaka siku tutakapojua wote.

Ndiyo maana nasema shinikizo la abiria ni sehemu ya hali ya hewa. Tena ni sehemu mbaya kuliko radi, kwa sababu radi angalau inaonekana.

Na kwa taarifa yako mheshimiwa, Tabora imewachelewesha wakubwa kuliko wewe. Huu ni mji wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani hapa hapa, Novemba 1857, wakakaa zaidi ya mwezi. Livingstone alikaa Kwihara mwaka 1872 kuanzia Machi mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Stanley mwaka 1871 alikuta njia fupi ya Ujiji imefungwa na vita vya Mirambo. Kwanza akajitia ubishi, akaungana na Waarabu kwenda kumkabili Mirambo, wakachapwa. Akarudi Kwihara, akatulia, na Septemba akazunguka kwa njia ya kusini. Akafika Ujiji na kumkuta aliyekuwa anamtafuta. Zaidi ya miaka 150 baadaye, kuna mtu umewahi kumsikia akimlaumu Stanley kwa kuzunguka?

Hata ndege. Februari 27, 1920, ndege ya Vickers Vimy iliyokuwa inatoka Uingereza kwenda Cape Town kwa udhamini wa gazeti la The Times ilianguka Tabora ikijaribu kuruka, na safari ikaishia hapa. Waliokuwemo wakapona. Safari ikafa, watu wakabaki. Mwenye akili anajua lipi ni la kulilia.

Misafara ile ilikuwa na kirangozi, mtu wa kutangulia na kushika njia. Tajiri alikuwa na mali, wapagazi walikuwa na mabega, lakini njia ilikuwa ya kirangozi. Na Wanyamwezi waliobeba mizigo ile hawakuwa watu wa kusukumwa tu: wazungu wamejaza vitabu vyao kwa malalamiko kwamba msafara umegoma, msafara umekaa kambini. Babu zetu walijua kitu ambacho sisi wenye shahada tumekisahau. Ukimlipa mtu akushikie njia, umemlipa pia akwambie njia imefungwa.

Haya, tufanye nini?

Kwanza, wenye kampuni. Acheni kusema uongo kuhusu hali ya hewa. Wote tumewahi kukaa uwanjani saa nne tukiambiwa "hali ya hewa", halafu fundi anapita na spana. Ndege ikiharibika, sema imeharibika. Abiria wakiwa wachache ukaunganisha safari mbili, sema. Kila ukilisingizia wingu ambalo halipo, unamfundisha abiria kutoamini wingu lililopo, na gharama ya uongo wako anakuja kuilipa rubani mwingine, siku nyingine. Na acheni kuwapima marubani kwa kufika.

Pili, waheshimiwa. Aliyekodi ndege amekodi viti, hajakodi maamuzi. Ingewekwa kanuni moja rahisi, kwamba abiria wa msafara wa serikali haongei na rubani kuhusu hali ya hewa akiwa angani, tungeokoa maisha bila kutumia shilingi. Na kama ratiba yako haivumilii kuchelewa siku moja, tatizo ni ratiba. Treni ipo, barabara ya lami ipo.

Tatu, wanaojenga viwanja. Tunapenda jengo la abiria kwa sababu lina utepe wa kukata na vioo vya kupigia picha. Mtu wa kupima hali ya hewa hana utepe. Kamera ya shilingi chache inayoonyesha anga la uwanja kila dakika haina utepe. Utaratibu wa kushuka kwa kutumia setilaiti, ambao hauhitaji mitambo ya mabilioni kufungwa pembeni ya njia ya kurukia, unahitaji upimaji, wataalamu na makaratasi, na makaratasi nayo hayana utepe. Lakini hivyo ndivyo vinavyompa rubani jibu kabla hajaondoka Dodoma, badala ya kulitafuta juu ya Itigi akiwa na mheshimiwa mgongoni. Nasema kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Mamlaka ya Viwanja vya Ndege na Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa pamoja: kila uwanja mdogo utangaze hadharani, kwa Kiswahili, una utaratibu gani wa kutua na leo unaona kilomita ngapi. Mwananchi ana haki ya kujua kabla hajakata tiketi.

Kuna watakaoniuliza: je, mgonjwa? Ndege ikienda kumchukua mama mjamzito aliyekwama kijijini, nayo igeuze? Swali hili ni zito na sitalijibu kwa mzaha. Jibu langu ni ndiyo, nayo igeuze, kwa sababu ndege iliyogonga kilima haimfikishi mama hospitali, inaongeza maiti. Na tukitaka imfikie hata wingu likiwa chini, tumnunulie rubani mafunzo ya vyombo na tuupe uwanja utaratibu wake. Ujasiri wa rubani hauwezi kujaza pengo la bajeti.

Nne, sisi wa magazeti. Ndege ikigeuza, swali la kwanza liwe: aliona nini? Likifuatiwa na: kanuni inasemaje? Mheshimiwa aliyekwama awe aya ya mwisho, kama nafasi ipo. Mimi nilimweka aya ya kwanza, na mtu akapoteza safari zake.

Na sisi abiria, basi. Kuna watu wanapiga makofi ndege ikitua. Sina ugomvi nao. Ila yapigwe pia ikigeuza.

Narudi Kipalapala. Jioni moja nilikaa na mjomba chini ya ule mwembe. Ndege ndogo ikapita juu yetu ikienda kutua Tabora, anga jeupe, hakuna wingu. Nikamweleza habari yote, jinsi nilivyomfokea yule dada, nilivyoandika gazetini, na kwamba hadi leo nikikumbuka sikumtupia bibi hata udongo roho inaniuma. Mjomba si msemaji. Alikaa kimya mpaka ndege ikapotea kwenye miti.

"Mwanangu," akasema, "siku ile tulichimba kaburi moja, na mvua ile tulichoka sana."

Dada, jina lako sitaliandika hapa, ulishasumbuliwa vya kutosha. Uliona hukuona, ukageuza. Niliandika kwamba hukuwa na sababu za msingi. Nilidanganya. Naomba radhi.